Nimeambiwa niondoe rufaa yangu ya presha kwa sababu "haiongezi pesa". Nisaini au nisisaini?

#1 KoploWaUsangi (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Niko Texas. Nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kuanzia 2010 hadi 2019, niliingia kwa ule mpango wa MAVNI uliochukua wageni wenye lugha, Kiswahili kikiwemo. Hivi sasa VA, idara ya Marekani inayoshughulikia maveterani, wananilipa fidia ya ulemavu wa asilimia 70 kwa msongo wa vita, mgongo na goti.

Agosti 2022 nilidai na presha. Februari 2023 ikaja barua ya kukataliwa: eti ugonjwa haukuonekana jeshini wala ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka. Kweli vidonge nilianza 2021. Lakini kwenye faili langu la zahanati ya kambi kuna 142/94 ya 2016 na 146/92 ya 2018, siku nilizokwenda kwa ajili ya mgongo, na hakuna aliyeniambia rudi upimwe tena. Novemba 2023 nikajaza fomu 10182, rufaa ikaenda Bodi ya Rufaa za Maveterani, Washington.

Wiki iliyopita mwakilishi wangu, yule wa chama cha maveterani, kanipigia. Anasema niiondoe, maana nikishinda nitapewa asilimia 10, na 10 juu ya 70 haibadilishi malipo. Kanitumia barua ya mistari mitatu, inasubiri sahihi tu. Iko hapa mezani chini ya kopo la amlodipine, vidonge vyangu vya presha, tangu Jumanne.

Naomba mnisaidie, nikiondoa napoteza nini? Nawasilisha.

#2 MkaaDirishani

Naweka kambi hapa. Nina kaka ana jambo kama hili hili.

Ila sijaelewa, 70 na 10 inakosaje kuwa 80? Hesabu ya shule gani hiyo?

#3 MwalimuWaHesabuDallas

@MkaaDirishani VA hawajumlishi kama nyanya sokoni. Wanamchukulia mtu kuwa mzima kwa asilimia 100, kila ugonjwa unakula sehemu ya kilichobaki. Ukiwa na 70, umebakiwa na 30 za uzima. Asilimia 10 ya 30 ni 3. Jumla 73, wanaikata kwenda kumi iliyo karibu, inarudi 70. Kwa hiyo mwakilishi wake kwa hesabu hii hajakosea.

Mwenye 50 akiongezewa 10 anapata 55, inapanda 60. Huyo ana faida.

#4 BabaWawili_MN

Usisaini ndugu yangu. Naandika nikiwa nimetoka kumpeleka rafiki yangu dialisisi, kwa hiyo nisamehe kama nitakuwa mkali.

Presha haikai peke yake. Inakwenda kwenye figo, kwenye moyo, kwenye ubongo. VA wakishaitambua presha kuwa imetokana na utumishi, siku ikikuletea kiharusi au figo kufeli unadai hayo kama magonjwa yaliyozaliwa nayo, na hiyo ni kanuni yao wenyewe, 3.310. Ukiwa huna presha kwenye orodha yako, utaanza kuthibitisha mambo ya 2016 ukiwa umelala kitandani na mdomo umekwenda upande.

Rafiki yangu alikuwa na 80. Naye aliambiwa "haiongezi kitu".

#5 Mtulivu_Tacoma

Mimi naomba nitofautiane na #4, kwa heshima.

Nilikuwa na rufaa ya mishipa ya miguu iliyovimba. Miaka minne. Kila bahasha ikija mke wangu ananitazama uso kabla sijaifungua. Usingizi ulinitoka, na presha yenyewe ilikuwa inapanda kwa sababu ya kesi. Siku nilipoandika barua ya kuiondoa nililala hadi saa tatu asubuhi. Sijajuta hata siku moja.

Mleta uzi, pima na hilo. Si kila haki lazima uifuate hadi ikumalize.

#6 KaraniWaMafaili

Nimefanya kazi ya kuandaa mafaili haya kwa miaka kadhaa, ngoja nieleze utaratibu, maana naona watu wanazungumzia faida bila kuzungumzia tarehe.

Tangu sheria mpya ya rufaa ianze kazi tarehe 19 Februari 2019, ukikataliwa una njia tatu: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya (fomu 20-0995), mapitio ya ngazi ya juu (20-0996), au Bodi (10182). Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Ukihama njia moja kwenda nyingine ndani ya muda huo, tarehe yako ya kuanza kulipwa inabaki ile ya dai la kwanza.

Sasa sikiliza vizuri, Koplo. Barua yako ni ya Februari 2023. Mwaka wake uliisha Februari 2024. Ukiondoa rufaa leo, huna tena mlango wa kuhamia huku umeshika tarehe yako. Uamuzi wa 2023 unakuwa wa mwisho. Unaweza kudai tena, ndiyo, lakini malipo yataanza tarehe ya dai jipya, si Agosti 2022.

Na Bodi ikishapokea barua yako ya kuondoa, kazi imekwisha. Hawakuulizi mara ya pili.

#7 MkaaDirishani

Kwa hiyo bora akataliwe na Bodi kuliko kuondoa mwenyewe??

#8 KaraniWaMafaili

Kwa upande wa tarehe, ndiyo. Bodi ikikukatalia unapata mwaka mwingine tangu tarehe ya uamuzi wao, unapeleka dai la nyongeza na ushahidi mpya, na tarehe ya Agosti 2022 inabaki hai. Ukiondoa mwenyewe, hakuna uamuzi wa Bodi, hakuna mwaka mpya.

#9 LuteniUsu_Mstaafu

Nina maswali mawili kwa mleta uzi kabla hatujaendelea.

Moja, kwenye 10182 ulichagua foleni ipi? Ziko tatu: ya moja kwa moja, ya kuleta ushahidi, na ya kusikilizwa na jaji.

Pili, hiyo 70 yako imetokana na nini na nini? Taja kila ugonjwa na namba yake. Mwalimu wa #3 amefanya hesabu juu ya namba ambayo tayari imekatwa.

#10 KoploWaUsangi

Asanteni wote. @LuteniUsu_Mstaafu nimefungua barua sasa hivi. Msongo wa vita 50, mgongo 40, goti la kulia 10.

Foleni: ya moja kwa moja. Niliambiwa ndiyo ya haraka.

Na nilisahau kusema, mwezi uliopita daktari wangu wa moyo ameniandikia barua kwamba presha yangu huenda imechochewa na msongo na zile dawa za maumivu nilizomeza miaka yote ya mgongo.

#11 LuteniUsu_Mstaafu

Haya, kalamu na karatasi.

50 kwanza. Imebaki 50, chukua 40 yake, ni 20. Umefika 70. Imebaki 30, chukua 10 yake, ni 3. Umefika 73. Hapo ndipo VA walipokata wakakuandikia 70. Lakini kukata kunafanywa mara moja tu, mwishoni kabisa. Ukiongeza presha ya 10 hurudi kwenye 70, unaanzia 73. Zimebaki 27, asilimia 10 yake ni 2.7. Jumla 75.7, kwenye jedwali lao ni 76.

76 inapanda kwenda 80.

Presha ya asilimia 10 inakupandisha daraja, Koplo. Aliyekuambia haiongezi pesa ameanzia 70 badala ya 73.

#12 MwalimuWaHesabuDallas

Nimerudia kwa jedwali. #11 yuko sahihi, na mimi kwenye #3 niliteleza pale pale alipoteleza mwakilishi. Niwie radhi mleta uzi. Mwenye 70 anaweza kuwa na 65 ya ndani au 74 ya ndani, na kuanzia 72 kwenda juu, kumi moja tu inamvusha.

#13 MkaaDirishani

Mwalimu leo kasahihishiwa daftari 😀 Tunakupenda hivyo hivyo.

#14 BabaWawili_MN

Nimesoma #11 nikasimama. Kwa hiyo barua iliyo chini ya kopo la vidonge ingemkosesha malipo ya kila mwezi, na malimbikizo tangu 2022, na figo zake za kesho.

Huyo mwakilishi ana sehemu yake humo ndani? Kuna kitu anapata?

#15 KaraniWaMafaili

Hapana, tusimwonee. Wawakilishi wa vyama vya maveterani hawalipwi na mteja hata senti. Anayelipwa kwa malimbikizo ni wakili, na mara nyingi ni asilimia 20 ya kilichopatikana. Kama ingekuwa pesa, angemshikilia Koplo abaki.

Nionavyo mimi ni mzigo. Mtu mmoja ana mamia ya mafaili, anaona presha, anaona 70, anakimbia na kichwa. Faili likifungwa, ni moja limepungua.

#16 Mtulivu_Tacoma

Au anajua faili lina tundu. VA wanataka presha ithibitishwe kwa vipimo viwili au zaidi kwa siku, siku tatu tofauti. Koplo ana siku mbili, 2016 na 2018, tena kimoja kimoja. Inawezekana mwakilishi ameona kushindwa mbele akamwonea huruma.

#17 Dada_wa_Nakuru

Mimi nafikiri anaogopa VA wasije wakafukua faili lote wakapunguza ile 50 ya msongo. Nilishaambiwa hivyo mimi nilipotaka kukata rufaa ya kipandauso: "usitikise mti wenye nyuki".

#18 LuteniUsu_Mstaafu

@Dada_wa_Nakuru hofu hiyo naisikia kila mahali na imewafukuza wengi. Bodi inaamua jambo lililopelekwa mbele yake. Rufaa ni ya presha, jaji anaamua presha.

@Mtulivu_Tacoma vile vipimo vya siku tatu ni kanuni ya kupanga asilimia, chini ya 7101, namba ya presha kwenye jedwali la VA. Si lazima vyote viwe vya jeshini. Na kupata asilimia 10 si lazima namba yako ya juu isome 160 leo. Inatosha kama kabla ya vidonge namba yako ya chini ilikuwa kwa kawaida 100 au zaidi na sasa unatumia dawa mfululizo. Koplo, ulisoma ngapi 2021 kabla hawajakuandikia amlodipine? Hiyo ndiyo namba ya kutafuta.

#19 MzigoMwepesi

Wakuu mbona mnahangaika, si sheria ya PACT ya 2022 imeshaweka presha kuwa ya moja kwa moja? Huna haja ya kuthibitisha kitu. Binamu yangu kasema.

#20 KaraniWaMafaili

Binamu amesema nusu. PACT ilisainiwa tarehe 10 Agosti 2022 na kweli iliingiza presha, lakini kwa walioguswa na Agent Orange, ile dawa ya kuua majani ya vita vya Vietnam. Walio Kuwait, Iraq na Afghanistan walipewa orodha ya magonjwa ya kupumua na saratani kwa ajili ya moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Presha haimo kwenye orodha hiyo. Koplo lazima athibitishe.

#21 MamaZuhura_Kisauni

Salaam aleikum. Mimi si mwanajeshi, ni mjane wa mwanajeshi. Nasoma nyuzi hizi kimya kimya, leo nimeona niseme.

Marehemu mume wangu, Mmarekani, alikuwa Vietnam 1968 na 1969. Nimekutana naye Mombasa akiwa mtu mzima, tukahamia kwao. Mwaka 2006 alidai moyo, mishipa ya moyo imeziba. Wakakataa. Akakata rufaa, na 2008 akaiondoa. Alichoka. Alikaa pale jikoni akaandika kwa mkono, mistari miwili, akaniomba stempu.

Tarehe 31 Agosti 2010 ugonjwa huo huo ukaingizwa kwenye orodha ya Agent Orange. Yeye alikuwa ameshafariki, ni moyo huo huo uliomchukua.

Nilidhani ile barua ya 2008 imefunga kila kitu. Mwanasheria mmoja kijana ndiye aliniuliza kama nimetunza barua ya kukataliwa, ile ya 2006. Nilikuwa nayo, kwenye bati la biskuti pamoja na picha zake za sare. Akanieleza kuna kesi ya zamani inaitwa Nehmer, kwamba kwa watu wa Vietnam dai lililokataliwa linafunguliwa upya sheria ikibadilika, na malipo yanaweza kurudi hadi tarehe ya dai lenyewe. Kuondoa rufaa hakufuti kwamba uliwahi kudai.

Nililipwa, na mafao ya mjane napata. Lakini yeye angeyaona kwa macho yake kama angekuwa na nguvu za kusubiri. Mwanangu Koplo, usisaini ukiwa umechoka. Tunza kila karatasi, hata za kukataliwa.

#22 Dada_wa_Nakuru

Pole sana Mama. Mungu amrehemu. Nimeenda kutafuta barua zangu sasa hivi.

#23 LuteniUsu_Mstaafu

Shikamoo Mama Zuhura, na pole.

Niongeze tahadhari ndogo kwa wasomaji: Nehmer ni ya Agent Orange. Sisi wa miaka ya 2000 hatuna mlango huo. Kwetu ukiiacha tarehe ikianguka, imeanguka.

#24 Mwanaharakati_Maine

Mimi barua yangu ilikuwa ya aina hiyo hiyo ya mistari mitatu. Nilikuwa na mambo manne kwenye rufaa: presha, usikivu, bega, usingizi. Nilitaka kuondoa usikivu tu. Barua niliyoandaliwa ikasema "naondoa rufaa yangu". Nikasaini. Yote manne yakaenda.

Koplo, kanuni inataka barua iseme kama unaondoa rufaa yote, au itaje ni lipi unaloondoa. Yangu haikutaja chochote, ikasomwa kuwa ni yote.

Nilipolia kwa wakili akanionyesha hukumu mbili. DeLisio ya 2011, ya mahakama ya rufaa za maveterani: kuondoa kunahesabika kama umesema waziwazi, bila utata, na ukielewa kikamilifu matokeo yake. Halafu Acree ya 2018, mahakama ya juu yake ikasema hata ukiwa na mwakilishi pembeni yako kwenye kikao, bado lazima iangaliwe kama wewe mwenyewe ulielewa. Tumeandika kwamba sikuelewa. Kesi bado inaendelea, mwaka wa pili sasa.

#25 Mtulivu_Tacoma

@Mwanaharakati_Maine pole ndugu. Yangu niliiandika mwenyewe nikijua ninachoacha, labda ndiyo maana nimelala vizuri.

Lakini Koplo ana barua ya daktari mkononi, na foleni yake ya moja kwa moja haipokei ushahidi mpya hata kidogo. Anasubiri jaji aamue bila kuiona ile barua. Si bora aondoe, apeleke dai la nyongeza na barua ya daktari, apate jibu ndani ya miezi, hata kama anapoteza tarehe? Pesa ya leo inalisha watoto.

#26 MwalimuWaHesabuDallas

Swali zuri. Na hawezi kubadili foleni?

#27 KaraniWaMafaili

Muda wa kubadili umepita. Ni ndani ya mwaka wa uamuzi au siku 60 tangu Bodi ipokee 10182, ya mwisho kati ya hizo.

Kuhusu #25 sina jibu moja. Anayehitaji pesa sasa ataondoa, na sitamlaumu. Mimi ningesubiri hata nikataliwe na Bodi, kisha nipeleke barua ya daktari siku ya pili yake. Malimbikizo ya miaka mitatu minne ya tofauti kati ya 70 na 80 si kitu cha kumwachia mtu.

#28 BabaWawili_MN

Hawezi kufungua dai jipya la presha "iliyosababishwa na msongo", kama ugonjwa wa pili, huku la Bodi likiendelea? Ni hoja nyingine kabisa.

#29 LuteniUsu_Mstaafu

Hoja nyingine, ugonjwa ule ule. VA huhesabu kuwa ni dai moja, na dai moja haliwezi kukaa njia mbili kwa wakati mmoja.

#30 Mwanaharakati_Maine

Mbona mimi namjua mtu waliyempokelea?

#31 LuteniUsu_Mstaafu

Kupokea karatasi na kuamua ni vitu viwili. Mwulize alijibiwa nini.

#32 Mchagga_Aliyerudi

Mimi nilisharudi Moshi, napokea fidia yangu hapa hapa, haikati kwa sababu umehama. Nataka kuongeza kitu ambacho hakijatajwa. Kuna mpango wa VA wa matibabu nje ya nchi, unarudisha gharama za magonjwa yaliyotambuliwa kuwa ya utumishi. Yaliyotambuliwa tu. Goti langu limo, nikienda hospitali natuma risiti na maelezo ya daktari. Presha yangu sikuwahi kuidai, kwa hiyo vidonge nanunua mwenyewe kila mwezi, na kipimo cha moyo nililipa mfukoni.

Hata wangempa asilimia 0, kutambuliwa tu kunatosha kwa hilo. Koplo, una mpango wa kurudi nyumbani uzeeni?

#33 MkaaDirishani

Nani hana mpango huo? Mkuu hebu anzisha uzi wa hayo matibabu ya nje, wengi hatujui.

#34 Dada_wa_Nakuru

+1. Na mseme kama wanakubali risiti za Kiswahili.

#35 KoploWaUsangi

Nimesoma yote mara mbili, na mke wangu amesoma ya Mama Zuhura kwa sauti. Shikamoo Mama.

Nimempigia mwakilishi leo mchana. Nikamsomea hesabu ya #11 mstari kwa mstari. Kanyamaza kidogo, kasema atapitia tena na kunirudia. Sikumgombeza. Alinisaidia sana kwenye ile 50 ya msongo, hilo siwezi kulisahau.

Kati ya kusubiri Bodi na ushauri wa Mtulivu bado sijakata shauri. Ada ya shule ya binti ni ya Agosti, na hilo nalo ni kweli. Nimeomba rekodi za 2021 kutoka kliniki ya kwanza ili nione namba ya chini ilikuwa ngapi kabla ya vidonge.

Barua nimeitoa chini ya kopo, nimeiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na ile ya Februari 2023. Haina sahihi.

#36 LuteniUsu_Mstaafu

Vizuri. Nunua daftari, andika presha asubuhi na jioni, na saa uliyomeza dawa.

#37 KoploWaUsangi

Nimeanza. Leo saa moja jioni, kabla ya kidonge: 158/98. Nimepumzika dakika tano nikarudia: 154/96.